Kompyuta ya Nukta

Mwezi wa nne baada ya mkewe kufariki, fundi wa meno alikatikiwa na intaneti tarehe kumi na moja. Mwezi uliotangulia kifurushi kiliisha tarehe kumi na tisa, na ule wa kabla yake tarehe ishirini na sita. Hakushtuka. Alisoma ujumbe kwenye simu, akaitia simu mfukoni, akaendelea kuchonga nta.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza meno bandia. Madaktari wanne walimletea alama za vinywa vya wagonjwa wao, naye akamwaga plasta, akapata mfano wa ufizi, kisha akapanga meno juu ya nta, jino moja baada ya jingine, mpaka taya la juu na la chini yakafunga bila kugombana. Wagonjwa wenyewe hakuwaona. Aliwajua kwa mataya yao: huyu anasaga meno akilala, huyu anatafunia upande mmoja, huyu ana hasira za miaka mingi. Ni kazi inayotaka mkono mtulivu, na tangu msiba mkono wake ulikuwa umetulia kuliko wakati wowote. Watu walimsifu kwamba amejikaza kiume. Yeye alijua si kujikaza. Ilikuwa kama ganzi ya sindano ya daktari: unagusa shavu, unajua ni shavu lako, lakini lenyewe halikujui.

Nyumbani alikuwa ameacha kuzima vitu. Taa ya koridoni, feni ya sebuleni, kompyuta ya marehemu, vyote viliachwa vikiwaka tangu Jumatatu hadi Jumatatu. Kompyuta ilikuwa kwenye chumba kidogo alichokuwa akisahihishia mitihani mkewe, mwalimu wa hesabu ambaye wanafunzi walimwita Nukta. Walimwita hivyo kwa sababu alikata alama kwa sentensi isiyofungwa kwa nukta, hata kama hesabu yenyewe ilikuwa sahihi. Jina likatoka shuleni likamfuata nyumbani, mpaka mumewe naye akalizoea. Sasa fundi aliingia chumbani humo mara moja kwa siku, asubuhi, kutazama picha ambazo madaktari walimtumia kwa barua pepe. Akimaliza, anatoka anaiacha kompyuta ilivyo.

Alipopiga simu kwenye kampuni ya intaneti, alipokea binti mwenye sauti ya upole.

"Mzee wangu, nyumba yako inatuma kuliko inavyopokea," binti alisema. "Tena kwa mbali."

"Inatuma nini?"

"Sisi tunaona uzito tu, hatuoni kilichomo. Una kamera za ulinzi?"

"Sina."

"Kuna watoto wanaocheza gemu?"

"Naishi peke yangu."

Binti aliomba radhi upesi, kama mtu aliyekanyaga mguu wa mwenzake. "Basi kuna kitu humo ndani kinatoka bila wewe kukituma. Tafuta mtu akuangalizie."

Mtu alikuwepo. Mdogo wa kiume wa marehemu mkewe alikuwa fundi wa mitandao. Kutwa alikuwa kwenye dari za ofisi za watu akivuta nyaya. Wakati wa ugonjwa alikuja nyumbani karibu kila siku, lakini baada ya mazishi walikuwa wamezungumza mara mbili tu, kwa simu, na mara zote mbili walikatizana wakiomba radhi. Fundi alimpigia. Alikuja Jumamosi asubuhi, mkoba wa vifaa begani.

"Shemeji, umekwisha!" alisema mlangoni. "Watu wote unawapa meno, wewe mwenyewe huyatumii?"

"Ninakula."

"Unakula nini, plasta?"

Fundi alijua hapo ndipo pa kucheka, akavuta midomo kidogo ili asimwangushe mgeni.

Shemeji alianza kazi bila haraka. Alichomoa televisheni, akazima simu zote mbili, akahakikisha kwamba kilichobaki kwenye mtandao ni kompyuta peke yake. Kisha akamwita fundi waangalie kile kisanduku cha intaneti kilichotundikwa ukutani.

"Unaiona hiyo taa ndogo ya kijani? Kila ikipepesa, kuna kitu kinapita. Sasa tazama: hakuna aliyeigusa kompyuta, na taa haitulii."

Akakaa kwenye kiti cha dada yake. Fundi alikaa pembeni kwenye stuli. Shemeji alifungua orodha iliyojaa tarakimu, mstari juu ya mstari.

"Kila mstari hapa ni mlango uliofunguliwa kutoka ndani kwenda nje," alisema. "Mwizi wa kuingia ni habari nyingine. Huyu wetu yumo ndani, anatoka na kurudi. Kikulacho ki nguoni mwako."

Aliweka programu ndogo aliyoiita bawabu. Kazi yake ilikuwa moja: kitu chochote kikitaka kutoka, kisimamishwe kwanza kiseme jina lake na kinakokwenda. Hawakungoja hata dakika mbili.

Wa kwanza kusimamishwa alikuwa programu ya printa.

"Printa yenyewe iko wapi?" shemeji aliuliza.

"Niliwapa shule."

"Basi mwenzio bado anapiga simu kiwandani kuuliza habari za wino." Akaifuta.

Wa pili alikuwa programu ya bure ambayo Nukta aliitumia kuunganisha kurasa za mitihani. Kila faili lililofunguliwa, yenyewe ilipeleka jina lake mahali fulani, na saa, na dakika.

"Huyu ni mbea," shemeji alisema. "Hana madhara makubwa, lakini mbea ni mbea." Naye akafutwa.

Taa ya kijani iliendelea kupepesa. Ndipo bawabu akasimamisha wa tatu. Jina lake lilikuwa herufi tano zisizotamkika, na mzigo wake ulikuwa mkubwa kuliko mizigo ya wale wawili mara elfu. Shemeji alikataa usitoke. Baada ya dakika tano ukaomba tena. Akakataa. Ukaomba tena.

"Ana adabu," alisema shemeji, "lakini king'ang'anizi."

Aliifuata programu hiyo mpaka ilikokaa. Alipofika, aliondoa mkono kwenye kipanya.

"Hii si virusi, shemeji. Virusi hujificha. Hii imewekwa na mtu kwa mkono wake, mwenye nenosiri la kompyuta. Kilichofanyika ni kuiambia isionekane kwenye skrini."

"Mtu gani?"

"Nani mwingine alikuwa anaitumia hii kompyuta?"

Fundi alijiwa na fikra kwamba labda mkewe alikuwa na mtu. Kwamba huo mzigo ni barua, au picha, na huyo mtu bado anazipokea mahali fulani, hajui kwamba mwandishi amezikwa. Fikra ikaja ikakaa, kama mgeni asiyekaribishwa kiti. Aliitazama. Haikumuuma. Alishangaa kidogo tu kwamba haikumuuma.

"Fungua," alisema.

Shemeji alibofya mara mbili. Likatokea dirisha jeupe, lenye mchoro uliokuwa ukijisogeza polepole na maelezo chini yake. Walisoma wote wawili, midomo ikicheza. Kilikuwa kituo cha utafiti wa saratani, cha nchi ya mbali. Kilikuwa na hesabu nyingi mno za kupima jinsi dawa zinavyoshikana na seli, kiasi kwamba kompyuta zake hazikutosha. Kwa hiyo kiliomba watu wakiazime kompyuta zao wakati hawazitumii.

"Ni kama kuchambua gunia la maharage," shemeji alisema. "Peke yako hutamaliza. Unagawa sahani moja moja kwa majirani, kila mtu anachambua yake, anakurudishia. Kompyuta yako ikikaa bure, inachukua sahani. Ikimaliza, inarudisha. Ndicho kinachotoka."

"Na mbona zamani hakikutumalizia kifurushi?"

"Zamani dada alikuwa anaitumia, halafu anaizima. Sasa huizimi, na karibu kutwa hakuna anayeigusa. Inafanya kazi saa ishirini na nne."

Kwenye kona ya juu palikuwa na jina la mshiriki: Nukta. Mbele yake, vipande vilivyokamilika: 3,906. Shemeji alimruhusu bawabu aupitishe mzigo uliokuwa umekwama. Ulipita kwa dakika tatu. Tarakimu ikabadilika, 3,907.

Fundi aliitazama tarakimu hiyo kwa muda. Mkewe alikuwa na miezi minne kaburini, na kumbe muda wote huo alikuwa anafanya kazi kuliko alipokuwa hai. Alijua kwamba hilo ni jambo la kumfanya mtu ainame alie. Alingoja. Hakuna kilichokuja.

"Bonyeza hapo kwenye jina lake," alisema.

Ukafunguka ukurasa mfupi. Tarehe ya kujiunga: kumi na nne, mwezi wa pili, mwaka juzi. Chini yake swali: Kwa nini umejiunga nasi? (Si lazima kujibu.) Nukta alikuwa amejibu kwa maneno mawili:

Nimeambiwa leo

"Hakuweka nukta," shemeji alisema, sauti ikitoka kama si yake.

Fundi alikuwa hatazami maneno. Alikuwa anatazama tarehe. Nukta alimwambia habari za ugonjwa mwezi wa kwanza, mwaka jana. Aliikumbuka siku hiyo vizuri: meza ya jikoni, bahasha ya hospitali, mkewe akiilaza bahasha sambamba na ukingo wa meza kabla ya kusema neno. Alihesabu kwa vidole chini ya meza, kama mtoto. Miezi kumi na moja.

"Tarehe hii imekosewa," alisema.

"Kompyuta haikosei tarehe, shemeji."

Alipomgeukia, shemeji alikuwa ameshughulika na waya ambao haukuwa na tatizo lolote, akiukunja na kuukunjua. Kisha fundi akaona taya lake. Lilikuwa limebana upande wa kushoto, msuli umesimama kama kamba. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa anasoma mataya. Hilo halikuhitaji maelezo.

"Ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku hiyo hiyo. Mimi ndiye niliyempeleka hospitali." Waya ulimwanguka. "Alinikataza, shemeji. Aliniapisha. Nilimwomba miezi yote hiyo, nilimwomba mpaka akanifukuza humu ndani. Hii ya kompyuta sikuijua, wallahi. Lakini ile nyingine nilijua."

Fundi aliinuka. Alikwenda jikoni, akachukua vikombe viwili vilivyokuwa safi, akaviosha, akavifuta, akavirudisha kabatini. Aliporudi, alisimama mlangoni.

"Nashukuru kwa kazi," alisema. "Umenisaidia sana."

Ni maneno ya kumwambia mtu aliyekuja kuzibua bomba. Shemeji alikusanya vifaa vyake, akaondoka bila kuaga.

Wiki mbili zilizofuata fundi aliupitia mwaka ule upya, jinsi mtu anavyopekua mifuko ya koti la zamani. Mwezi wa nne walipaka jikoni rangi, wakapaka tena kwa sababu Nukta hakuipenda ile ya kwanza. Alikuwa anajua. Mwezi wa sita walikwenda kwenye harusi ya binti wa mwalimu mwenzake, akacheza mpaka akavunja kisigino cha kiatu. Alikuwa anajua. Mwezi wa nane Nukta alimwazima jirani ngazi ya mumewe bila kumuuliza, naye fundi akanuna. Alinuna siku tatu nzima, hakumsemesha, alikula akiwa amefungua gazeti. Siku tatu. Na huyo aliyekaa ng'ambo ya gazeti alikuwa anajua.

Aliyapanga hayo mbele yake moja moja, kama meno kwenye sinia, na hakuhisi kitu. Ila kazini mambo yalianza kwenda upande. Daktari mmoja alimpigia simu, hajui acheke au agombe.

"Fundi, mgonjwa wangu amevaa meno yako, na kila akifunga mdomo anafunga wa mtu mwingine."

Alikuwa amepanga meno ya juu ya mgonjwa mmoja kwa taya la chini la mwingine. Katika miaka ishirini na sita haikuwahi kutokea.

"Nirudishie," alisema. "Nitayarudia."

Jumamosi ya tatu, asubuhi, alimpigia shemeji yake.

"Hiyo programu inasimamishwaje?"

Shemeji alivuta pumzi. "Unataka kuisimamisha?"

"Kompyuta inachemka. Feni yake inapiga kelele kama mashine ya kusaga."

"Nakuja."

"Niambie tu kwa simu."

Alimwambia. Palikuwa na vitufe viwili. Kimoja kilisimamisha papo hapo, na kipande kilichokuwa katikati kingepotea. Kituo kingempa mtu mwingine akianze upya. Cha pili kiliiacha imalize kipande ilichoshika, kisha isimame. Fundi alibonyeza cha pili. Ikaandika muda uliobaki: saa saba na dakika kumi. Akavuta stuli, akakaa.

Saa nane mchana mlango uligongwa. Shemeji alikuja bila mkoba. Hawakusalimiana sana. Alikaa sakafuni, mgongo ukutani, na kwa muda mrefu walisikiliza feni ya kompyuta ikihangaika.

"Alisema nini?" fundi aliuliza. "Siku aliyokukataza."

"Alisema ukijua utaanza kumbeba kama yai."

"Ningembeba. Kosa langu liko wapi hapo?"

"Hakusema ni kosa." Shemeji alikuna goti. "Shemeji, unakumbuka mlipogombana juu ya ngazi?"

"Nakumbuka."

"Alinipigia siku ya pili. Nikamwambia, dada, basi mwambie sasa, hizi si siku za kununiana. Mwambie, ataacha kununa sasa hivi. Akacheka, yule. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema, 'Muache anune. Mtu anayekununia anajua kesho upo.'"

Fundi aliitazama skrini. Mchoro ulisogea kidogo, ukasimama, ukasogea.

"Alikuwa anahesabu," shemeji aliendelea. "Alisema miezi hiyo ni yake, hatagawana na hospitali. Alisema atakwambia mwili ukikataa kudanganya. Na ndivyo alivyofanya." Kisha akaanza kulia, kwa sauti, mikono imelegea mapajani, hata machozi hakuyafuta. Fundi hakulia. Lakini alishuka kwenye stuli, akakaa sakafuni karibu naye, bega kwa bega, mpaka akatulia.

"Siku tatu," alisema baadaye. "Nilimnunia siku tatu."

"Alizifurahia zote."

"Alikuwa mtu wa ajabu dada yako."

"Alikuwa mkaidi."

"Mkaidi, ndiyo. Hilo ndilo neno."

Saa kumi kasoro, kompyuta ilimaliza. Mzigo wa mwisho ukatoka, tarakimu ikasogea mara moja, na chini yake yakaandikwa maneno ya asante ambayo bila shaka huandikiwa kila mtu. Feni ilipunguza mwendo, ikaguna, ikanyamaza. Fundi alinyoosha mkono akaizima kompyuta yenyewe. Chumba kilikuwa kimya hivi kwamba walisikia mtu akifagia nje, nyumba ya tatu.

Alimsindikiza shemeji mpaka barabarani.

"Umenisamehe?" shemeji aliuliza.

Fundi alifikiri. Hakutaka kumpa jibu la kumfurahisha tu.

"Bado," alisema. "Lakini njoo Jumamosi."

Alikuja Jumamosi hiyo, na iliyofuata. Walikula, walipanga nguo za marehemu kwenye maboksi, walizungumza habari za dari za ofisi na vinywa vya watu. Fundi alikuwa yule yule: anajibu akiulizwa, anacheka pale panapotakiwa kuchekwa.

Jumamosi ya tatu shemeji alisema atafika saa sita mchana. Saa sita ikapita. Saa saba ikapita. Simu yake ilikuwa haipatikani. Fundi alitoka nje, akaingia ndani, akatoka tena. Akajikuta amekunja ngumi na hajui tangu lini. Ilipokaribia saa tisa, shemeji alitokea kwenye kona, anatembea polepole, ameshika mfuko wa mikate.

"Wewe!" fundi alifoka kabla hata hajafika mlangoni. Majirani wawili waligeuka. "Huna simu? Huna vidole? Mtu anakungoja tangu saa sita, chakula kimepoa, unakuja unatembea kama bibi harusi! Ndivyo mlivyo nyinyi, ukoo mzima! Mnajua mambo yenu, mnayakalia, mtu mwingine mnamwacha amekaa kama gogo! Mwaka mzima! Mwaka mzima niko humu ndani sijui kitu!"

Mikono, ile iliyotulia miezi yote, ilikuwa inamtetemeka mpaka viwiko. Shemeji alisimama pale pale alipofikiwa na maneno, mfuko wa mikate kifuani, hakujitetea, hakusogea.

"Umemaliza?" aliuliza.

Fundi alijifuta uso kwa kiganja, akakitazama kiganja. Kilikuwa kimelowa.

"Bado," alisema. "Ingia kwanza."